Mbona Mastaa wa Gofu Wamejazana Florida? Stori Si Bichi, Stori Ni Doo

Chukua ramani ya Marekani. Teremka na upande wa kulia mpaka kule chini, penye kuna kamkia kameingia baharini. Hapo ndio Florida. Sasa panda kidogo kutoka Miami, kama saa moja na nusu hivi kwa gari, utafika mji mdogo unaitwa Jupiter. Wenyeji wake hawafiki hata laki moja. Lakini maze, ukirusha jiwe hapo, chances ni litamgonga bingwa wa gofu.

Tiger Woods anaishi kwa kisiwa cha hapo kando, Jupiter Island. Rory McIlroy ako na keja Jupiter. Justin Thomas, yuko. Rickie Fowler, yuko. Jack Nicklaus, ule mzee wa mataji makubwa 18, amekaa North Palm Beach, hapo tu kusini, kwa zaidi ya nusu karne.

Sasa cheki kitu: hakuna hata mmoja kati ya hao alizaliwa hapo. Tiger ni wa California. Rory ni wa Ireland Kaskazini. Thomas ni wa Kentucky. Fowler ni wa California pia. Nicklaus ni wa Ohio. Kwani ni nini iliwavuta wote kwa mtaa mmoja?

Ukiuliza mtu wa kawaida atakwambia ni bichi na jua. Hiyo ni nusu ya stori. Nusu ingine iko kwa karatasi za ushuru.

Kuna ushuru, halafu kuna ushuru

Marekani unalipa ushuru wa mapato mara mbili. Kwanza kuna serikali kuu pale Washington, na hiyo hakuna kuponyoka. Matajiri wanakatwa mpaka asilimia 37 kwa pesa zao za juu. Halafu kuna serikali ya jimbo lako. Hapa ndio mchezo uko, juu kila jimbo liko na sheria zake.

California, ukiwa tajiri kabisa, inachukua mpaka asilimia 13.3. Florida inachukua sufuri. Na si ati gavana fulani aliamka na roho safi. Katiba ya Florida yenyewe inazuia jimbo kutoza watu ushuru wa mapato. Texas na Nevada pia ni sufuri.

Stori ya Phil Mickelson unaikumbuka? Kijana wa San Diego, California, na wasee wa huko walimpenda sana. Mwisho wa 2012 wapigaji kura wa California wakapitisha kuongeza ushuru kwa matajiri. Januari 2013 Mickelson akasimama mbele ya waandishi akasema ukijumlisha makato yote, zaidi ya asilimia 60 ya pesa yake inaenda, na kwamba atabadilisha mambo. Wueh! Watu walimshukia vibaya. Uchumi ulikuwa umebana, watu wamepoteza manyumba, na sonko analia ati anabaki na mamilioni machache. Ikabidi ameomba msamaha.

Siku chache baadaye wakamuuliza Tiger. Yeye akajibu bila presha: alihama California 1996 kwa sababu hiyo hiyo. 1996 ndio mwaka aligeuka profeshenali. Yaani alikuwa bado na miaka 20, hajashinda Masters hata moja, lakini hesabu ya wapi atalala ilikuwa imeshafanywa.

Lakini ngoja, haiko rahisi hivyo

Hapa ndio wengi wanakosea. Wanafikiria ukihamia Florida umetoroka ushuru wa majimbo yote. Zii. Mchezaji analipa ushuru pale ameshindia pesa. Tiger akishinda mashindano San Diego, California inakata yake kabla asahau jina la uwanja.

Hiyo tabia ilishika moto 1991. Chicago Bulls ya Michael Jordan iliichapa Lakers kwa fainali za NBA, kule kule Los Angeles. California ikaamua kuwatoza wachezaji wa Bulls kwa siku walizofanya kazi huko. Jimbo la Illinois, nyumbani kwa Bulls, likakasirika na kulipiza kwa sheria yake. Majimbo mengine yakaona hapa kuna mkwanja, yakafuata.

Sasa kama pesa ya uwanjani inakatwa pale ulipocheza, faida ya Florida iko wapi? Iko kwa dili za matangazo. Mchezaji staa anapata pesa nyingi kwa viatu, kofia, saa na vijiti vya gofu kuliko hata kombe. Sehemu kubwa ya hiyo pesa inahesabiwa kwa anwani ya nyumbani kwako.

Tufanye hesabu ya mfano. Msee ako na dili za dola milioni 10 kwa mwaka. Akiishi California, jimbo linaweza kuchukua zaidi ya dola milioni 1.2. Akiishi Florida, jimbo halichukui kitu. Hiyo tofauti ni zaidi ya shilingi milioni 150 za Kenya, kila mwaka, na hajapiga mpira hata mmoja. Amehamisha tu kitanda.

Nchi zingine zimeshtuka. Uingereza ukienda kucheza, wanataka ushuru wa pesa ya kombe na pia kipande cha dili zako za matangazo. Ndio maana 2010 Usain Bolt alikataa kwenda kukimbia London. Hakuwa anaogopa mtu. Alikuwa amepiga hesabu.

Mbona basi wote wasihamie Dubai?

Swali poa. Mwingereza Tommy Fleetwood alifanya hivyo. Anaishi Dubai, kwenye hakuna ushuru wa mapato ya mtu binafsi, na fainali ya msimu ya DP World Tour inachezwa hapo hapo Jumeirah. Mwaka wa 2025 alishinda Tour Championship Marekani, zawadi dola milioni 10.

Lakini Mmarekani hawezi kuiga hiyo kitu akatoka safi. Marekani inawatoza raia wake popote walipo duniani. Scottie Scheffler akihamia Dubai leo, Washington bado itambishia mlango. Kwa hivyo Mzungu wa Ulaya anahama nchi, Mmarekani anahama jimbo. Akili ni ile ile, uzio ndio tofauti.

Si ushuru peke yake

Ingekuwa ni ushuru tu, wangejaa Alaska. Huko pia hakuna ushuru wa mapato wa jimbo. Lakini utafanya mazoezi ya gofu wapi na theluji imefika magotini?

Gofu ni kazi ya kila siku. Ohio kwa kina Nicklaus, Januari ardhi ni barafu. Florida, Januari unavaa shati fupi. Na Florida ikiingia kwa mvua za radi na joto la kuua miezi ya kati ya mwaka, mashindano mengi yanakuwa yamehamia kaskazini, kwa hivyo mchezaji hata hayuko nyumbani. Halafu mapema kwa mwaka PGA Tour inakuja kwao: mashindano ya Palm Beach Gardens, ya Bay Hill pale Orlando, na Players pale Ponte Vedra Beach, ambako ndiko makao makuu ya PGA Tour. Unacheza kazini, unalala kwa kitanda chako, unawaona watoto. Kwa mtu anaishi hotelini nusu ya mwaka, hiyo haina bei.

Wanawake pia wameisoma hiyo rada. Makao makuu ya LPGA yako Daytona Beach, Florida. Annika Sörenstam wa Sweden aliweka makao Lake Nona, Orlando. Na kwa wanawake, zawadi zao zikiwa chini sana kuliko za wanaume, kila asilimia inaumia zaidi.

Usisahau pia mchezaji wa gofu hana mshahara. Hajaandikwa na mtu. Ukishindwa kufuzu kwa raundi mbili za mwisho, kawaida unaenda nyumbani mikono mitupu, na ndege, hoteli na mbeba mikoba bado ni juu yako. Huyo msee wa katikati, ule humjui jina, ndiye ana sababu kubwa kuliko Tiger ya kuchagua mahali pa kuishi kwa makini.

Iten ya wenye pesa

Sasa hii ndio sehemu Mkenya ataelewa haraka kuliko mtu yeyote.

Mbona wakimbiaji wamejaa Iten? Ni mita kama 2,400 juu ya bahari, sawa, hewa ni nyepesi. Lakini kuna milima mingine mirefu duniani. Kitu Iten iko nayo ni watu. Ukiamka saa kumi na moja asubuhi, barabarani kuna rende ya wasee hamsini, na kati yao kuna bingwa. Huwezi kulala ukijua jirani ameshatoka. Eliud Kipchoge, na pesa zake zote, alikuwa analala kambini Kaptagat na kuosha choo kama wengine.

Jupiter ni hiyo hiyo, ila na ndege za kibinafsi. Kuna klabu ya Medalist, alianzisha Greg Norman. Kuna Bear's Club, ya Nicklaus. Kuna Grove XXIII, ya Michael Jordan mwenyewe. Jumanne hakuna mashindano, unacheza na bingwa wa dunia, mnawekeana doo kidogo, anakuchapa, unarudi kesho. Makochi wako hapo, madaktari wa mgongo wako hapo, mafundi wa vijiti wako hapo. Mchezaji mpya anafuata hao, na akifika anakuwa sababu ya mwingine kuja.

Ushahidi? Tiger na Rory walipoanzisha ligi ya ndani ya jengo, TGL, ikaanza Januari 2025, timu zikapewa majina ya Boston, New York, Los Angeles, Atlanta, San Francisco. Sasa kila mechi inachezwa wapi? Jengo moja, Palm Beach Gardens, Florida. Timu ya Boston haijawahi kucheza nyumbani Boston. Ligi ndiyo imefuata wachezaji nyumbani kwao.

Na wale wamekataa kufuata

Scottie Scheffler, ambaye kufikia 2025 alikuwa na mataji makubwa manne, hayuko Jupiter. Yuko Dallas, Texas. Ni kweli Texas pia ni sufuri. Lakini yeye alilelewa hapo, na kochi wake Randy Smith anamfundisha tangu akiwa mtoto. Jon Rahm wa Uhispania anaishi Scottsdale, Arizona, na Arizona inamkata asilimia 2.5. Angeweza kuokoa hiyo pesa. Lakini alisomea chuo huko, mke akampatia huko, akabaki. Kwa hivyo pesa inakuonyesha mlango, lakini watu ndio wanakufanya ukae.

Sasa nani analipa?

Hii ndio sehemu hakuna mtu anapenda kuuliza. Florida inajenga barabara na shule na pesa gani kama haitozi mapato? Inategemea sana ushuru wa bidhaa, asilimia 6 kwa vitu vingi vya dukani, pamoja na ushuru wa mali. Sasa kijana anayekata nyasi kwa hizo klabu akinunua kitanda, analipa asilimia ile ile Tiger analipa. Tofauti ni kwamba kwa Tiger hiyo ni chenji, kwa huyo kijana ni chakula cha siku kadhaa. Na bei za manyumba zikipanda juu mastaa wamehamia, ni yeye anasukumwa kuishi mbali na kazi.

Unaisikia hiyo kengele? Juni 2024 Kenya ilisimama, na moja ya vitu viliwasha moto ni pendekezo la kutoza mkate VAT ya asilimia 16. Serikali ikaitoa, lakini hasira ilikuwa imeshatoka nje. Hasira hiyo ilikuwa na akili ndani yake: ushuru wa dukani unamshika mtu ambaye hawezi kuhama. Mwenye doo ana wakili, ana paspoti, ana mtaa wa pili. Wewe uko na payslip, na makato yanafanywa hata kabla uione.

Sisemi kina Tiger ni wezi. Wamefuata sheria neno kwa neno, na yeyote kati yetu angefanya hivyo. Nasema tu, kuchagua unaishi wapi ni nguvu, na haijagawiwa sawa.

Hata hapa. Kenya Open imechezwa tangu 1967, Seve Ballesteros aliishinda 1978, na mpaka leo hakuna Mkenya amewahi kuibeba. Uwanja wa Muthaiga uko karibu na Mathare, ng'ambo tu ya Thika Road. Kwa ramani, kijana wa Mathare yuko karibu na nyasi safi. Lakini Rory alikuwa na baba aliyekuwa na kazi ndani ya klabu, na mlango ukawa wazi tangu akiwa mdogo sana. Kijana wetu, mara nyingi, mlango wake wa kwanza ni kubeba mkoba wa mtu mwingine.

Kwa hivyo siku ingine ukiona picha ya keja ya staa wa gofu na boti hapo nyuma, usiangalie boti. Angalia anwani.

Na wewe, ungepewa dili ya dola milioni 10 leo, ungebaki mtaani ama ungehama? Usitudanganye.