Anayeita usaili wa video agharamie bando

Waajiri wengi, hasa kampuni binafsi na asasi, siku hizi wanasaili kwa video, nami naunga mkono utaratibu huo kwa moyo wote. Nimekaa kwenye majopo ya usaili hapa Dar es Salaam tangu enzi za barua za posta. Nawakumbuka vijana waliokuwa wakitoka Kigoma kwa basi, zaidi ya kilomita 1,000, wakashuka Ubungo, wakanawa uso chooni stendi, wakabadili shati na kuja kukaa mbele yetu kwa dakika ishirini. Nauli ilikuwa ya kukopa. Aliyekosa kazi alirudi na deni.

Video imemwondolea kijana safari hiyo, na mwajiri naye imempunguzia kukodi ukumbi na kulipana posho. Tatizo ni kwamba gharama iliyobaki tumemwachia yule yule asiye na kazi. Anatumiwa kiungo kwa baruapepe saa kumi na moja jioni, usaili ni kesho saa tatu asubuhi, na chini yake kuna sentensi moja: hakikisha una mtandao wa uhakika. Uhakika huo ataununua wapi?

Tupige hesabu. Kwa vipimo vya Zoom wenyewe, mazungumzo ya video ya watu wawili, picha ikiwa nzuri, yanataka kilobiti 600 kwa sekunde kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Kwa saa moja hiyo ni zaidi ya nusu GB, bila kuhesabu dakika za majaribio. Mtu anayenunua bando la siku kwa kudunduliza, na anayeomba kazi sehemu tatu au nne kwa mwezi, analipia kila mlango anaobisha. Sauti peke yake inahitaji kilobiti 60 hadi 80 tu kwa sekunde. Tofauti hiyo kila afisa rasilimali watu anapaswa kuijua kabla hajaandika kwenye mwaliko kwamba kamera lazima iwe wazi muda wote.

Kuna binti mmoja tuliyemsaili akiwa Kibondo, aliomba nafasi ya msaidizi wa hesabu. Alikuwa chumbani kwa dada yake, simu ameiegemeza kwenye kopo la maziwa ya unga, nyuma yake pazia la maua. Swali la pili tu, mvua ikaanza kupiga bati. Sauti ikazama, picha ikaganda mdomo ukiwa wazi. Akazima kamera ili angalau sauti ipite. Mjumbe mwenzangu akaandika kwenye fomu: hayuko makini. Nikaomba tusimame kidogo, nikampigia kwa simu ya kawaida, nikaweka spika, tukaendelea. Tulimuuliza atafanya nini akikuta kasha la petikeshi limepungua shilingi 40,000. Alijibu bila kubabaika: nitahesabu upya mbele ya mwenzangu, nitalinganisha na vocha moja moja, nitaandika upungufu nilivyoukuta, nitamjulisha mkuu wangu siku hiyo hiyo, na sitaziba pengo kwa hela yangu. Lile neno la mwisho ndilo tulilokuwa tunalitafuta, na waombaji waliokuwa na kompyuta mpya na picha safi hawakulisema. Bila ile simu tungempoteza kwa sababu ya mvua.

Ndiyo maana nasema mwajiri aliyechagua video abebe mzigo wake. Amtumie mwombaji bando siku moja kabla. Ampigie kujaribu mtambo, dakika tano zinatosha, na amwambie wazi kwamba mtandao ukikatika tutahamia kwenye simu ya kawaida, maswali ni yale yale na alama ni zile zile. Ampe nafasi mbili au tatu za muda achague, maana anayeishi kwa watu anajua saa ngapi nyumba inatulia na saa ngapi umeme hukatika mtaani kwao. Na asidhani hitilafu ni ya vijijini tu. Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini, intaneti ilidorora nchi nzima, ofisi za ghorofani Dar es Salaam zikiwemo. Siku ile hakuna mkurugenzi aliyehesabiwa kuwa hayuko makini.

Upande wa jopo nao una kasoro ambazo wengi hatuzioni kwa sababu hatukai kwenye kiti cha mwombaji. Wajumbe watano wanajipanga kwenye meza ndefu, kompyuta moja mwisho wa meza. Mwombaji anaona vichwa vitano vidogo na hajui nani anasema. Wa mwisho anasikika kama yuko kisimani. Anatoa shikamoo, marahaba tano zinagongana, anadhani hakusikika, anarudia. Mwenyekiti apokee salamu kwa niaba ya wote, kila mjumbe ajitaje jina kabla ya swali, na swali refu liandikwe pia kwenye sehemu ya ujumbe ya programu. Kisha tunyamaze. Sauti inachelewa kidogo njiani, na mjumbe asiye na subira huyaona majibu kuwa yamekwama, anaingilia, na kijana anapoteza mtiririko. Mimi huhesabu moja hadi tatu kimoyomoyo kabla ya kuongeza neno.

Kuna pia suala la macho, linaniuma zaidi ya mengine. Fomu nyingi zina kipengele cha kujiamini, na wajumbe wanakijaza kwa kuangalia kama mwombaji anatutazama. Kwenye simu, anayetazama nyuso zetu huonekana kwetu ameinamisha macho, kwa kuwa kamera iko juu ya kioo. Ili aonekane anatutazama, lazima aache kututazama. Juu ya hayo, kijana aliyelelewa vizuri Songea au Pangani amefundishwa asimkazie mkubwa macho. Tunamkata alama kwa adabu yake na kwa umbo la simu yake. Kipengele hicho kiondolewe kabisa kwenye usaili wa video.

Ukuta ulio nyuma ya mwombaji nao usiingie kwenye alama. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kazini, na kwa kifungu hicho mwombaji kazi anahesabiwa kama mfanyakazi. Katika orodha ya mambo yasiyoruhusiwa kuwa sababu, pamoja na kabila, dini, jinsia na ulemavu, imo pia hali ya mtu kimaisha. Anayemshusha mtu kwa sababu ya pazia, bati au mtoto aliyelia chumba cha pili asome kifungu hicho upya.

Vivyo hivyo kurekodi. Nimeona majopo yakibonyeza kitufe cha kurekodi bila neno. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi imeanza kutumika tangu Mei 2023, na sura ya mtu na sauti yake ni taarifa zake. Mwombaji aelezwe kwamba anarekodiwa, kwa sababu gani, nani ataiangalia rekodi na lini itafutwa, naye awe na nafasi ya kukataa bila kupoteza usaili.

Haya hayahitaji muujiza. Mahakama zetu zina kanuni za kusikiliza mashauri kwa mtandao tangu 2021, na huko ni uhuru wa watu unaoamuliwa. Mwanzoni mwa 2025 Sekretarieti ya Ajira iliwasaili waombaji wa ualimu katika mikoa wanayoishi, ishara kwamba hata serikali inaona mzigo wa safari ni mkubwa. Mwajiri binafsi anaweza kuomba chumba kwenye ofisi ya halmashauri au maktaba ya mkoa, mwombaji akakaa hapo kwa saa moja penye umeme na utulivu.

Nawaomba wakuu wa rasilimali watu, na hasa wanaoidhinisha bajeti: chai na vitafunwa vya jopo tayari vina kifungu chake. Bando la mwombaji nalo liwekewe kifungu, kuanzia tangazo lenu lijalo la kazi, na liandikwe humo humo kwenye tangazo ili aliyeko Kibondo ajue anaweza kuomba.