Gari la Tajiri Lisitengenezwe Uani Kwako



Nataka kusema habari za jeki, bushi na springi. Najua wako watakaocheka wakisema kwamba karatasi ya chama si mahali pa mambo ya gereji. Na wacheke, lakini wasome mpaka mwisho.

Siku hizi wenzetu wengi wana motokaa zao, nyingi zikiwa zimetumika Japani kabla ya kushushwa Mombasa. Barabara za mitaa yetu mwazijua. Haupiti muda mrefu kabla ya mbele kuanza kugonga: mpira wa bushi umekufa, au boljointi imelegea. Basi mtu hununua kipande Kirinyaga Road, ambayo wazee bado huiita Grogan, na Jumapili huingia chini ya gari uani kwake. Mimi simlaumu, maana nami hufanya hivyo. Fundi akikuambia kwamba mbele yote imekwisha, nawe hujui kuangalia mwenyewe, utalipia yote.

Na kuangalia si kazi kubwa. Inua gurudumu, lishike juu na chini, ulitikise. Likicheza, ni boljointi au beringi ya gurudumu. Lishike kushoto na kulia. Likicheza hivyo, tazama tairodi. Bushi iliyopasuka huonekana kwa macho.

Kosa ninaloliona kila mara ni kukaza bolti za bushi gurudumu likiwa linaning'inia. Gari likishushwa, mpira hujisokota, na baada ya muda mfupi umepasuka tena, nawe walaumu duka. Zikaze kidogo tu, shusha gari, uzito ukae juu ya magurudumu, ndipo ukaze kabisa. (Hata mafundi wa kulipwa wengi hawana subira hiyo.)

Lakini springi si mchezo. Nati ya juu ya shoki haifunguliwi kabla springi haijabanwa kwa vibanio vyake, kimoja kila upande. Nimeona watu wakiifunga kwa waya na kamba. Springi ikiruka huvunja taya la mtu. Kama huna vibanio, kazi hiyo mpelekee aliye navyo. Na jeki ni ya kuinulia, si ya kushikilia gari wakati wewe uko chini yake. Matofali yenye matundu nayo hupasuka ghafula.

Jambo lililonifanya nishike kalamu ni hili. Dreva mmoja mwenzetu aliambiwa na tajiri wake siku ya Jumamosi: nenda na pikapu kwako, ubadilishe bushi kesho, Jumatatu asubuhi naitaka kazini. Akatii. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, jeki ikazama udongoni, gari likamwangukia mkono. Leo vidole viwili havikunji. Tajiri alipoulizwa alijibu kwamba ajali haikutokea kazini. Ilitokea nyumbani kwa dreva, siku ya mapumziko. Karatasi ya amri hakuna, shahidi hakuna.

Sheria ya Mafao ya Kuumia Kazini ya 2007 ni ya mfanyakazi aliyeumia kwa sababu ya kazi na akiwa katika kazi. Mimi nasema aliyeamriwa na tajiri atengeneze gari la tajiri yuko kazini, hata akiwa chini ya mwembe wake mwenyewe. Lakini kusema ni rahisi kuliko kuthibitisha. Sheria hiyo yataka pia tajiri apewe habari ya ajali, kwa mdomo au kwa maandishi. Ndugu yetu alikaa siku nne akidhani mkono utapona.

Tena Sheria ya Ajira ya 2007 yampa kila mfanyakazi walau siku moja ya kupumzika katika siku saba. Na Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, yakataza gari lenye sehemu za hatari kutumiwa barabarani. Na askari akisimamisha gari humkuta dreva, si tajiri. Kwa hiyo dreva hubanwa pande mbili: akitengeneza aumia bila fidia, asipotengeneza ashtakiwa.

Wako watakaonijibu kwamba ukikataa utafutwa. Najua, nami sisemi mtu akatae peke yake. Nasema aombe amri kwa maandishi, hata mstari mmoja kwa simu, kisha ampe habari mwakilishi wa chama siku ile ile.

Nimeiomba kamati ya tawi ilete mambo mawili mbele ya mkutano ujao. La kwanza, kifungu katika mapatano yetu kwamba gari la kampuni hutengenezwa katika gereji ya kampuni, kwa saa za kulipwa. La pili, tawi linunue stendi nne za chuma na jozi moja ya vibanio vya springi, wanachama waazimwe kwa zamu. Wenye kupinga matumizi hayo ya fedha waje waseme mkutanini.