Tubadilishe Tairi Wenyewe

Mjini Korogwe na Handeni mafundi wa tairi hawakosekani. Lakini huko vijijini kwenye miiba ni wachache. Kwa hiyo naona yafaa kila nyumba yenye pikipiki ijue kazi hii. Kwanza toa upepo wote. Kanyaga ukingo wa tairi uzame katikati ya rimu, ndipo upande wa pili ulegee. Ukilazimisha kwa vyuma utatoboa tyubu mpya. Papasa ndani ya tairi kwa hadhari, uung'oe mwiba. Kisha paka maji ya sabuni, urudishe. Wako wasemao hiyo ni kazi ya fundi. Kweli, fundi ana heshima yake. Lakini usiku mama akishikwa na uchungu wa uzazi, fundi ataitwa wapi? Wanafunzi wenzangu, likizo hii tujifunze.