Jina la Tatu

Huenda umesoma na mwanafunzi wa Garissa ukashangaa kuona jina lake la mwisho silo la baba yake. Usidhani kuna siri nyumbani. Abdi Hassan Omar akipata binti, ataitwa Fatuma Abdi Hassan: jina lake, la baba, la babu, basi. Omar keshatoka kwenye kitambulisho. Na ukoo wenyewe, Aulihan ama Abdwak, haumo katika jina hilo.

Ukoo wa Msomali hukaa kichwani. Mtoto hufundishwa abtirsi, yaani kuhesabu mababa, akapanda nao mmoja baada ya mwingine kama ngazi. Si mchezo. Novemba 1989 serikali ilipoamuru Wasomali wa Kenya wakaguliwe upya, watu waliulizwa nasaba zao mbele ya wazee. Aliyeshindwa alikosa kadi, na wako waliofukuzwa nchini. Ukaguzi maalumu wa vitambulisho uliendelea hadi Februari 2025, Rais Ruto alipotangaza huko Wajir kwamba umefutwa.

Je, DNA ingemaliza ubishi? Hebu tutazame. Kromosomu Y hutoka kwa baba hadi kwa mwana, njia ile ile ya abtirsi. (Fatuma hana, itabidi aazime mate ya kakake!) Mwaka wa 2005 kulichapishwa utafiti wa Wasomali wanaume 201, na zaidi ya robo tatu walikuwa wa tawi moja. Tawi hilo ni kuukuu kuliko mpaka wowote. Halimjui Aulihan wala Abdwak, wala mtu wa Garissa na binamu yake aliye ng'ambo ya Liboi.

Lugha nayo huonyesha jamaa ambao abtirsi haiwataji. Mwaka wa 1978 mtaalamu Mjerumani Bernd Heine aliweka Kisomali, Kirendille na lugha ya Waboni, wale wa msitu ulio kati ya Ijara na Lamu, katika nyumba moja. Aliiita Sam, kutokana na neno la kale la pua. Msomali husema san, Mrendille sam.

Lakini mama hayumo katika ngazi ile, wala katika kromosomu Y. Wewe mwanafunzi, ukirudi Garissa likizoni, keti na ayeyo wako, umwulize mama yake aliitwa nani, na alitoka kwa watu gani. Beba kalamu.