Titanic Haikuzamishwa na Mungu

Umeisikia kwenye mahubiri, umeisikia kijiweni, na wewe ukaisambaza kwa simu: Titanic ilizama kwa sababu wenyewe walijigamba kuwa hata Mungu hawezi kuizamisha. Mungu akawaonyesha. Tukasema amina, tukalala.

Nimechoka na hadithi hiyo!

Mungu gani huyo anayeadhibu majivuno ya matajiri kwa kuua watoto wa maskini? Watoto wa daraja la kwanza waliokoka wote isipokuwa mmoja. Wa daraja la tatu, wana wa wahamiaji waliofuata riziki Marekani, walikufa zaidi ya 50. Na Bruce Ismay, mkuu wa kampuni yenye meli hiyo? Alipanda mashua, akafika salama.

Tuhesabu pamoja. Usiku wa 14 Aprili 1912 melini mlikuwa na watu kama 2,200. Mashua za kuokolea zilikuwa 20, zenye nafasi 1,178. Zisome tena namba hizo. Kabla jabali la barafu halijaonekana, watu 1,000 walikuwa wamekwisha kunyimwa pa kukaa.

Nani aliruhusu? Serikali ya Uingereza. Kanuni zake za 1894 zilipima mashua kwa tani za meli, si kwa vichwa vya watu, tena zikagota kwenye tani 10,000: mashua 16, basi. Titanic ilikuwa na tani zaidi ya 46,000! Meli zilikua, kanuni zikabaki palepale miaka 18. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wao walichimba makaburi.

Kwa hiyo meli ile iling'oa nanga ikiwa halali kabisa. Karatasi safi. Mihuri ipo. Hapo ndipo damu inaponichemka.

Hata nafasi chache zilizokuwepo hazikujazwa. Mashua namba 1 ilikuwa na nafasi 40. Ikashushwa na watu 12. Maonyo ya barafu yalishaingia kwa redio, mwendo haukupunguzwa. Meli ya Californian ilikuwa jirani, imesimama kwa hofu ya barafu hiyohiyo, lakini opereta wake wa redio, mmoja tu, alikuwa amelala. Hakuna sheria iliyodai awepo wa zamu.

Watu kama 1,500 walipokwisha kufa, ndipo mataifa yakakutana London, na mwaka 1914 yakaandika mkataba: nafasi kwenye mashua kwa kila aliyemo, zamu ya redio usiku na mchana. Kumbe iliwezekana! Kama ilikuwa hukumu ya mbinguni, mbona dawa yake ilikuwa kalamu na karatasi?

Nawe unajua kwa nini hili linaniuma. Mwaka 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikiwa imejazwa kupita kiasi, mamia wakafa. Tukasema ajali haina kinga. Mwaka 2018 MV Nyerere ikapinduka ikikaribia Ukara. Uwezo wake watu 101; waliokufa ni zaidi ya 220. Tukasema kazi ya Mungu haina makosa.

Haina kinga? Kuhesabu abiria si kinga? Kumzuia wa 102 si kinga?

Siku ile ya MV Nyerere ilikuwa ya gulio. Watu walipanda mchana kweupe, na mizigo yao, mbele ya wenye kazi ya kuwahesabu. Waulize hao. Mungu mwache.