Punguza Gharama ya Sahani, Si Sahani Yenyewe

Dawa ya deni ni kulipa. Hilo sote tunalijua tangu utotoni. Kile wahenga hawakutuambia ni pesa ya kulipa itoke wapi wakati mshahara umeingia Ijumaa na kufikia Jumatatu salio linasoma mia tatu.

Kodi ya nyumba haipungui kwa sababu umeomba. Karo ni hivyo hivyo. Nauli ya matatu ndiyo kabisa, mvua ikinyesha kidogo inapanda. Kwa wengi wetu, chakula ndicho kitu pekee kwenye bajeti ambacho unaweza kukigusa leo bila kuomba ruhusa ya mtu. Ndiyo maana mtu akibanwa na mkopo wa simu, ushauri wa kwanza anaopewa mtaani ni huu: ruka chakula cha mchana, kula mara moja kwa siku, jikaze miezi miwili utamaliza.

Sisi tunaupinga ushauri huo, na si kwa huruma tu. Haufanyi kazi. Mtu aliyeshinda njaa hadi saa kumi na moja jioni hawezi kupita pale steji bila kununua smokie mbili, mayai na soda, kisha afike nyumbani akiwa amechoka, asipike, aagize chipsi. Pesa aliyookoa mchana imeondoka usiku, tena na nyongeza. Njaa haijawahi kuwa mshauri mzuri wa matumizi.

Tunachosema ni kwamba unaweza kushusha bei ya chakula unachokula bila kukipunguza. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Fungua taarifa ya akaunti yako

Kabla ya kupunguza chochote, itisha taarifa ya matumizi yako ya siku 30 zilizopita kwenye simu. Chukua kalamu. Weka alama kila mahali ulipolipia kitu cha kula au kunywa: kibandani, kwa mama mboga, kioski, supamaketi, chakula kilicholetwa na pikipiki. Jumlisha.

Watu wengi hudhani pesa yao ya chakula inaenda kwa unga, mafuta na nyama. Lakini kwenye orodha kama hii, vitu vikubwa ni vichache na unavikumbuka vyote. Vile vidogo ndivyo usivyovikumbuka: sabini hapa, themanini pale, mia na hamsini kila saa saba mchana.

Tuchukue mfano wa mfanyakazi wa Nairobi. Asubuhi anakunywa chai na chapati mbili kibandani, Sh70. Mchana ni chapo madondo au wali na ndengu, Sh150. Jioni kitu cha kutafuna njiani, Sh80. Hiyo ni Sh300 kwa siku na Sh1,500 kwa wiki ya siku tano za kazi, na bado hajanunua chakula cha nyumbani.

Sasa abadilishe siku nne tu kati ya hizo tano. Chai na mkate nyumbani kabla ya kutoka, tuseme Sh30. Mchana githeri au ndengu alizobeba kwenye mkebe, Sh60. Jumla Sh90 kwa siku. Ijumaa aende kibandani kama kawaida na wenzake, alipe Sh300 zake bila kujilaumu. Wiki nzima imegharimu Sh660 badala ya Sh1,500. Ameokoa Sh840. Kwa wiki nne ni Sh3,360, na hakuna mlo hata mmoja alioruka.

Bei za kwako zitakuwa tofauti. Weka zako. Hesabu yenyewe haibadiliki.

Kadogo ni ghali

Kununua kidogo kidogo kuna maana yake. Ukiwa na mia moja mfukoni huwezi kununua mafuta ya lita tatu, utapimiwa ya ishirini. Hatumcheki mtu anayenunua hivyo, kwa sababu ndivyo maisha yalivyo kwa aliyelipwa kwa siku. Lakini aliye na mshahara wa mwezi na bado ananunua mafuta, sukari na mchele wa kupimiwa kila jioni anajitoza faini mwenyewe.

Siku ya mshahara, kabla hujafanya jingine, nunua vile visivyoharibika: gorogoro mbili tatu za maharagwe, mahindi na ndengu, unga, mchele, mafuta na chumvi. Ukiweza kufika Marikiti, Muthurwa au Kongowea, nenda. Ukiona ni mbali, changeni wawili watatu mnaoishi ploti moja, mmoja aende. Maharagwe yaloweke usiku kucha kabla ya kuyapika, yataiva haraka na mtungi wa gesi utadumu zaidi. Kama huna friji usipike ya wiki nzima, kwa sababu chakula kilichochacha ni pesa iliyotupwa. Mboga na nyanya endelea kununua kwa mama mboga kila siku mbili tatu.

Kadogo iko kwenye simu pia. Ukitoa pesa kwa wakala mara nne, mia tano mia tano, unalipa ada mara nne. Ukitoa elfu mbili mara moja unalipa mara moja. Sisi ni kampuni ya malipo, ada ni sehemu ya riziki yetu, na bado tunakuambia: panga kwanza, kisha utoe pesa.

Akiba isiyolipa deni siku hiyo hiyo itapotea

Hapa ndipo mipango mingi hufia. Mtu anajinyima wiki mbili, halafu ile Sh1,680 inabaki kwenye salio lile lile la matumizi. Anatumiwa ujumbe wa mchango wa harusi au binamu anapiga simu. Pesa imeenda, deni liko pale pale, na anabaki akisema kujinyima hakusaidii.

Kila Ijumaa jioni, tuma ulichookoa moja kwa moja kwa deni. Mikopo mingi ya simu inakubali kulipwa kwa sehemu, hivyo huna haja ya kungoja hadi ufikishe kiasi chote. Kama wako haukubali, hamishia pesa kwenye akaunti ya akiba ambayo si rahisi kuichomoa.

Uharaka una sababu. Tuseme una mkopo wa Sh5,000 wenye ada ya asilimia 9 kwa siku 30. Hiyo ni Sh450. Ukilipa na kukopa tena siku hiyo hiyo, mara tano mfululizo, umelipa Sh2,250 za ada na bado unadaiwa Sh5,000. Hazina ya Hustler ilipozinduliwa Novemba 2022, riba yake ilikuwa asilimia 8 kwa mwaka. Ukisikia 8 na 9 utadhani ni majirani. Lakini asilimia 9 ya kila mwezi, ukiirudia miezi 12, ni asilimia 108. Kabla ya kubonyeza "kubali", uliza asilimia hiyo ni ya muda gani.

Na tafadhali, usinunue chakula kwa ile huduma inayokukamilishia malipo salio lisipotosha. Ya dharura sawa. Lakini chipsi za jioni ukizilipia kwa deni, utazila dakika kumi na kuzilipa siku kadhaa.

Nani alipwe kwanza?

Hesabu ya kawaida inasema anza na deni lenye ada kubwa zaidi. Tunakubali, isipokuwa kwa deni moja: lile la daftari. Kama unadaiwa mia sita na mama mboga au mwenye duka, maliza hilo kwanza. Halina riba, lakini lina macho. Mtaji wake ni mdogo, na mia sita yako huenda ndiyo sukuma ya kesho aliyokusudia kununua sokoni. Tena siku utakapokwama kabisa, yeye ndiye atakayekupa unga bila kukutoza shilingi. Ukimkwepa kwa kupitia njia ya nyuma, umejifungia mkopo wa bei nafuu kuliko yote utakayopata.

Baada ya daftari, nenda kwa mkopo unaokula ada haraka zaidi. Ukiisha, pesa iliyokuwa inaulipa iongeze kwa unaofuata.

Wasio na cha kupunguza

Kuna wasomaji ambao mfano wetu wa Sh300 kwa siku umewachekesha. Nyumbani kuna watoto watatu, mlo ni ugali na sukuma, na hata huo una siku zake. Julai 2022, wakati pakiti ya unga ya kilo 2 ilipopita Sh200, serikali ilitangaza iuzwe kwa Sh100 kwa muda. Familia zilizougua bei ile hazikuwa zinakula anasa.

Kwenu ninyi hatuna ushauri wa kupunguza chakula, na yeyote anayewapa ushauri huo hajaingia jikoni mwenu. Maziwa ya mtoto, chakula cha mama anayenyonyesha na mlo wa mtu anayemeza dawa havikatwi kwa sababu ya mkopo. Kinachopaswa kusogea ni ratiba ya deni. Mpigie aliyekukopesha kabla tarehe haijafika, mwambie unaweza kulipa kiasi gani kwa wiki, na uombe jibu kwa maandishi. Akianza kukutisha, kukutukana au kuwapigia watu walio kwenye simu yako, jua kwamba kanuni za Benki Kuu ya Kenya za 2022 kuhusu watoaji wa mikopo ya kidijitali zinakataza mambo hayo. Hifadhi ujumbe na upeleke malalamiko. Deni ni lako, ndiyo, lakini heshima yako hukuiweka rehani.

Kwa sisi wengine tunaopita kibandani mara tatu kwa siku, kisingizio ni kidogo. Sh840 kwa wiki haionekani kama pesa ya kumtoa mtu kwenye shimo. Lakini anayedaiwa Sh18,000, akiituma kila Ijumaa juu ya kile anacholipa tayari na asikope tena, atamaliza ndani ya miezi sita, na huenda mapema zaidi. Atakuwa amekula kila siku. Na mwezi wa saba ile Sh3,360 itakuwa yake.

Anza na taarifa ya akaunti. Iitishe leo, kabla ya chakula cha jioni.