Kuzindua Si Kazi, Kazi Ni Kulea

Mwezi Juni 2007 wakimbiaji 20 waliondoka mbele ya Makao Makuu ya Umoja wa Mataifa, New York, wakipokezana kijiti usiku na mchana. Kwa siku 95 walivuka nchi 16, mwendo wa takriban kilomita 24,000, ili kuukumbusha ulimwengu kuwa zaidi ya watu bilioni moja walikuwa hawana maji safi na salama. Mbio hizo ziliitwa Blue Planet Run. Mfadhili wake mkuu alikuwa kampuni ya kemikali ya Dow, ambayo mwaka 2001 iliinunua Union Carbide, huku wakazi wa Bhopal, India, wakiendelea kudai maji ya visima vyao yasafishwe. Wakimbiaji walipita Ulaya, Urusi, Mongolia, China na Japani, kisha wakarejea walikoanzia. Afrika, ambayo kiu yake ndiyo iliyokuwa ikihubiriwa, hawakuikanyaga.

Tungeweza kuwacheka wageni hao na kuishia hapo. Lakini sisi Watanzania tunazo mbio zetu za kupokezana, tena kongwe kuliko zao. Mwenge wa Uhuru uliwashwa juu ya Mlima Kilimanjaro Desemba 1961, na tangu 1964 unakimbizwa nchi nzima. Kila mwaka hupita katika halmashauri zote, ukiweka mawe ya msingi na kuzindua miradi, na miradi ya maji haikosekani kamwe katika orodha. Mwaka 2023 hata kaulimbiu yake ilihimiza kuokoa vyanzo vya maji. Kwa hiyo swali linalofaa kuulizwa New York linafaa kuulizwa Mwanza pia: mbio zikishapita, kinabaki nini?

Hoja yangu ni kwamba tumeufanya uzinduzi kuwa ndiyo kazi yenyewe. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Katika sekta ya maji tumekuwa taifa la kuzaa. Kila bomba lina siku ya kuzaliwa, lina jiwe la marumaru na jina la kiongozi aliyekata utepe. Halina mlezi.

Ushahidi hauhitaji kutafutwa mbali. Mwaka 1971 Serikali ilianzisha mpango wa miaka 20 wa kumpatia kila mwananchi wa kijijini maji ndani ya mita 400 kutoka nyumbani kwake ifikapo 1991. Mwaka 1991 ulifika, lengo halikufika, na mita 400 zilezile zikahamia katika Sera ya Maji ya 2002. Visima vilichimbwa, pampu zilifungwa, wafadhili walikuja na kuondoka. Uhesabuji wa vituo vya maji vijijini uliofanyika katika muongo uliopita ulionyesha kuwa takriban vituo vinne katika kila kumi havikuwa vikitoa maji. Vituo hivyo vilikwisha kujengwa na kulipiwa. Vingi, bila shaka, vilikwisha kupigiwa ngoma.

Mradi wa maji wa kijiji haufi kwa kishindo. Huanza kwa mpira wa pampu kuchakaa. Fundi yuko mjini, kamati ina shilingi elfu kadhaa katika daftari, na bili ya umeme au pipa la dizeli vinasubiri. Wananchi wanaacha kuchangia kwa sababu maji hayatoki, na maji hayatoki kwa sababu hawachangii. Mwezi mmoja unakuwa miwili. Kinamama na mabinti wanarudi ziwani au kwenye malambo na madumu ya lita 20, huko huko kwenye kichocho na kipindupindu tulikodai kuwaondoa. Hakuna msafara unaokuja kushuhudia siku hiyo, wala hotuba inayosomwa.

Wapo watakaosema kuwa mambo makubwa hayawezekani bila hamasa, na kwamba Mwenge ni hamasa. Nawajibu kwa historia ya ziwa letu wenyewe. Mwaka 1929 Uingereza, kwa niaba ya makoloni yake, ilikubaliana na Misri kuwa maji ya Nile na maziwa yanayoulisha yasiguswe kwa namna ya kuidhuru Misri bila idhini ya Cairo. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere alizijulisha serikali husika kuwa Tanganyika huru haifungwi na mkataba huo. Kijiti hicho kikabebwa na wanasheria, wanadiplomasia na wahandisi kwa miongo minne. Mwaka 2004 Tanzania ilianza kujenga mradi wa kutoa maji ya Ziwa Victoria kwenda Kahama na Shinyanga, Misri ikinung’unika. Ulijengwa kwa fedha zetu wenyewe, na ulizinduliwa 2009. Chanzo chake kipo Ihelele, Wilaya ya Misungwi. Mwaka 2010 Tanzania, Uganda, Rwanda na Ethiopia zilisaini Entebbe mkataba mpya wa ushirikiano wa Bonde la Nile, Kenya na Burundi zikafuata. Ulianza kutumika rasmi tarehe 13 Oktoba 2024.

Tazama tarehe hiyo. Kesho yake, tarehe 14 Oktoba 2024, kilele cha mbio za Mwenge kilifanyika hapa Mwanza, katika Uwanja wa CCM Kirumba. Moja ni mbio za nchi nyingi zilizochukua miaka 62, bila fulana wala bendi, na zikatupa haki ya kunywa maji ya ziwa letu bila kuomba ruhusa. Nyingine ilijaza uwanja. Ni ipi kati ya hizo ambayo wanafunzi wetu wanaweza kuieleza?

Hata hivyo kijiti hicho kilichobebwa kwa subira kubwa kinaweza kuangukia mita chache kabla ya utepe wa mwisho. Simama njia panda ya Usagara, ambapo barabara ya Shinyanga inaachana na ile iendayo Kigongo na Busisi. Uko ndani ya wilaya hiyohiyo yenye chanzo cha Ihelele. Kaskazini yako kuna Jiji lenye chanzo cha Capri Point na kile kipya cha Butimba, kilichojengwa kutoa lita milioni 48 kwa siku. Misafara yote hupita hapo, ya Mwenge na ya mawaziri. Lakini lita zinazotoka mtamboni hazimwambii mama wa Usagara chochote. Yeye anataka kujua bomba lake linatoa maji saa ngapi, siku ngapi kwa wiki, na nani ataitika likikatika. Takwimu hiyo hakuna risala inayoisoma.

Nakiri jambo moja kwa haki. Katika miaka ya karibuni viongozi wa mbio za Mwenge wamekataa kuzindua miradi iliyojengwa hovyo, na maofisa wameanza kuuogopa ukaguzi huo. Hilo ni jema. Lakini linathibitisha hoja yangu: pale Mwenge ulipoacha kupamba na kuanza kukagua ndipo ulipopata maana. Kasoro ni kwamba unakagua mtoto siku ya kuzaliwa kwake tu.

Kwa hiyo natoa mapendekezo matatu. Kwanza, katika kila halmashauri, kwa kila mradi mmoja wa maji unaozinduliwa, Mwenge ukague miradi miwili iliyozinduliwa miaka mitatu na mitano iliyopita, na matokeo yabandikwe kwenye ubao wa kijiji. Pili, RUWASA, ambayo tangu 2019 ndiyo yenye dhamana ya maji vijijini, itangaze kwa kila skimu saa za maji kwa wiki badala ya idadi ya vilula. Tatu, hakuna mradi upokelewe kabla chombo cha watoa huduma ngazi ya jamii hakijawa na fundi aliyefunzwa, vipuri vya akiba na akaunti yenye fedha.

Kwa mtumishi wa umma anayesoma haya: usitafute kibali kipya. Majalada ya miradi iliyozinduliwa yapo ofisini kwako. Chukua la miaka mitano iliyopita, nenda kijijini, fungua koki. Kwa mwanafunzi na mwanaharakati: mtakapoalikwa tena kukimbia kwa ajili ya maji, kimbieni, mazoezi ni afya. Kisha muulize waandalizi jina la fundi atakayebaki.